Juisi ya nyumbani na juisi ya boksi: tunachanganya wapi?

Mama yangu aliambiwa na daktari aache soda. Akaacha siku hiyohiyo, hata ile chupa iliyokuwa imebaki kwenye friji akampa mtoto wa jirani. Mama akiambiwa kitu na daktari anasikia. Miezi mitatu baadaye tukarudi kliniki, wakampima sukari, kipimo kiko palepale, tena kimepanda kidogo, na mama anaapa hajagusa soda. Na kweli alikuwa hajagusa. Alichokuwa anakunywa ni juisi, ya nyumbani, anatengeneza mwenyewe, glasi moja asubuhi, moja mchana na moja usiku, kwa sababu kwenye grupu letu la familia kila wiki kuna mtu anatuma ule ujumbe kwamba juisi ya boksi ni sumu, soda ni sumu, kunywa juisi fresh ya nyumbani ndo dawa.

Jumamosi moja nikakaa naye jikoni nione anavyotengeneza. Pasheni kilo mbili, anazikata katikati, anakwangua kwa kijiko, anazizungusha kwenye blenda kidogo tu ili mbegu zisisagike, anachuja, makapi anatupa. Anaongeza maji mpaka ndoo ndogo inafika kwenye mstari wa lita tatu. Halafu sukari, anaichota kwa kikombe cha chai, kile chenye maua, viwili vilivyojaa. Hapo nikamwomba asubiri kwanza, nikaleta mzani wa dada wa kupimia unga wa keki, tukamimina sukari yote. Gramu 400.

Hesabu yake sio ngumu. Gramu 400 kwenye lita tatu ni kama gramu 133 kwa kila lita, kwa hiyo glasi moja ya robo lita ina gramu 33 hivi, na kijiko cha chai kimoja ni gramu 4, maana yake vijiko nane kwenye glasi moja, na hapo sijahesabu sukari ya pasheni zenyewe. Soda ya kola ya kawaida ina kama gramu 10.6 kwa kila mililita 100, glasi hiyohiyo inakuja gramu 26 au 27, vijiko sita na nusu. Yaani juisi ya mama ilikuwa na sukari nyingi kuliko soda aliyokatazwa. Alinitazama akaniuliza, "Lakini mwanangu, si matunda haya?" Nikakosa jibu la haraka. Hili andiko ndo jibu lenyewe, na naliandika kwa sababu najua sio mama yangu peke yake.

Tuanze na neno. Sisi tunaita kila kitu juisi, na fujo nyingi inaanzia hapo. Ukiingia dukani ukasema nipe juisi, unaweza kupewa vitu vinne ambavyo havina undugu wa karibu.

Cha kwanza ni juisi kamili, asilimia mia ni tunda. Hii inaweza kuwa imekamuliwa ikapashwa moto ikafungwa, au inaweza kuwa imetokana na juisi nzito, yaani kiwandani walikamua matunda wakaondoa sehemu kubwa ya maji ili iwe nzito kama asali na iwe rahisi kusafirisha, halafu kiwanda cha huku kikarudisha maji. Fikiria maziwa ya unga, ni maziwa yaliyotolewa maji, ukirudisha maji yanakuwa maziwa tena, hayajawa kitu kingine ila ladha na harufu ya ubichi imepungua. Juisi nyingi ya machungwa inayozunguka duniani inatoka Brazil kwa mtindo huu.

Cha pili ni nekta. Hapa ni juisi au rojo la tunda, limeongezwa maji na mara nyingi sukari. Nekta sio udanganyifu, kuna matunda huwezi kuyanywa bila kuyafanyia hivyo. Embe ukilisaga tupu linatoka rojo la kula na kijiko, lazima uweke maji. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vinataka nekta ya embe iwe na tunda lisilopungua asilimia 25 na ya chungwa asilimia 50. Kinachobaki ni maji na utamu.

Cha tatu ni kinywaji cha matunda, hapa ndo watu wanapigwa sana, maana boksi lina picha ya embe limekatwa linachuruzika, lakini ukigeuza nyuma unakuta tunda ni asilimia 10, wakati mwingine chini ya hapo, mengine ni maji, sukari, rangi, ladha na kitu cha kuleta uchachu. Kwenye boksi mara nyingi wanaandika kwa Kiingereza, "drink" badala ya "juice", na sheria inawaruhusu kwa sababu wamesema ukweli, ni sisi hatujasoma.

Cha nne ni juisi ya unga ya paketi, ile ya kukoroga kwenye jagi. Hii haina haja ya maelezo marefu, ni ladha, rangi na utamu.

Sasa mtu akikwambia "juisi ya boksi ni mbaya" muulize boksi lipi kati ya hayo. Na ya nyumbani nayo sio kitu kimoja. Kuna chungwa la kukamua kwa mkono bila kuongeza kitu. Kuna ukwaju na ubuyu unaoloweka, huo hauwezi kunyweka bila sukari nyingi kwa sababu ya uchachu. Kuna rozela ya kuchemsha. Kuna juisi ya parachichi yenye maziwa na sukari, ambayo kusema kweli ni mlo. Kuna miwa, ambayo yenyewe ni sukari na maji, ndo hiyohiyo wanayoipika kiwandani kupata sukari ya kilo unayonunua dukani, kwa hiyo kikombe kikubwa pale Forodhani chenye ndimu na tangawizi ni kitamu sana ila usijiambie umekunywa kitu cha afya kwa sababu tu umeona muwa ukipita kwenye mashine. Tofauti kubwa ya juisi ya nyumbani na ya boksi kwa upande wa sukari ni kwamba boksi lina lebo na jagi halina. Mama hajawahi kusoma gramu 400 popote, alikuwa anasoma ulimi wake.

Halafu kuna swali gumu zaidi, lile la mama, si matunda haya? Twende taratibu.

Ndani ya chungwa zima kuna sukari kama gramu 12. Mwili unaipokea vizuri kwa sababu imefungiwa ndani ya vile vifuko vya nyama ya chungwa, na pamoja nayo kuna nyuzinyuzi kama gramu 3. Watu wa pwani wanajua mikoko inafanya kazi gani, maji yakija kwa nguvu yanakuta mizizi, yanaingia lakini yanaingia polepole, hayabomoi ufukwe. Nyuzinyuzi ni hivyohivyo tumboni, sukari inaingia kwenye damu lakini inaingia kidogokidogo, kongosho linapata muda wa kutoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Ukikamua na kuchuja umekata mikoko. Sukari ni ileile ya Mungu, ya tunda, lakini inaingia yote kwa mpigo.

Na kuna suala la idadi, ambalo kwangu ni kubwa hata kuliko nyuzinyuzi. Glasi moja ya juisi ya kukamua ni machungwa matatu au manne. Kaa chini ule machungwa manne ya Muheza, umenye moja moja, utafune, uteme mbegu. La tatu tayari umechoka na tumbo limekwambia inatosha. Lakini glasi unaimaliza kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, na dakika ishirini baadaye unaulizia chakula. Hili limepimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State Marekani waliwapa watu tufaha zima kabla ya chakula cha mchana, siku nyingine wakawapa watu haohao juisi ya tufaha, wakahakikisha nguvu yake ni sawa. Siku ya tufaha zima walipunguza kama asilimia 15 ya kile walichokula mlo ule ukilinganisha na siku ambayo hawakupewa kitu, na juisi haikufua dafu. Mwaka 2013 likachapishwa chambuzi kubwa kwenye jarida la BMJ, watu zaidi ya 187,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, waliokula matunda mazima zaidi, hasa zabibu, tufaha na bluberi, walikuwa na hatari ndogo ya kupata kisukari aina ya pili, na waliokunywa juisi zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba juisi ndo imesababisha, lakini unaelekea upande uleule na jaribio la tufaha.

Ndo maana Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa sukari mwaka 2015 halikuiweka juisi kwenye kundi la matunda. Liliiweka kwenye kundi wanaloliita sukari huru, yaani sukari yoyote unayoongeza kwenye chakula, pamoja na iliyomo kwenye asali, shira na juisi ya matunda. Chungwa zima halimo kwenye kundi hilo. Chungwa lilelile ukilikamua, limo. Na kiwango walichosema ni kwamba kwa mtu mzima wa kawaida sukari huru isizidi kama gramu 50 kwa siku, vijiko 12, na ukiweza kushuka mpaka gramu 25, vijiko sita, faida ni kubwa zaidi. Rudi kwenye glasi tatu za mama. Vijiko 24. Kabla ya chai.

Kwa hiyo kwa upande wa sukari, juisi ya nyumbani isiyoongezwa kitu na juisi ya boksi ya asilimia mia zinakaribiana sana, na juisi ya nyumbani iliyotiwa sukari kwa kikombe inaweza kuwa mbaya kuliko boksi. Najua hii inauma, kuna watu wataikataa, lakini mzani hauna upande.

Sasa nitetee ya nyumbani, maana inayo sifa zake na sitaki mtu atoke hapa akakimbilia maboksi. Ya nyumbani unajua umeweka nini. Unaweza kuacha kuchuja, na kama una blenda ukasaga embe au papai ukanywa na rojo lake, nyuzinyuzi nyingi bado zimo, blenda inazikatakata ila haizitoi, anayezitoa ni chujio. Sukari unaweza kuipunguza wewe mwenyewe, boksi huwezi kulipunguza. Na vitamini C, kama umekamua sasa hivi ukanywa sasa hivi, ni nyingi kuliko ya kitu kilichopashwa moto na kukaa miezi.

Lakini ule usemi kwamba juisi ya boksi haina vitamini hata moja sio kweli. Moto wa kiwandani unapunguza vitamini C, hauiondoi yote, na viwanda vingi vinairudishia, utaiona kwenye lebo imeandikwa asidi askobiki, hiyo ndo vitamini C yenyewe kwa jina la kikemia, sio sumu. Na ya nyumbani nayo inapungua ikikaa, hewa na joto na muda vinaila, kwa hiyo jagi lililotengenezwa Jumapili likanywewa Jumatano usijihesabie vitamini nyingi. Kama unachotafuta ni vitamini C, kula mapera. Gramu 100 za pera zina kama miligramu 228, chungwa halifikii hata robo yake, ni kama 53. Na mapera yanaozea chini ya mti tunayatazama huku tunakwenda kununua vidonge.

Imani nyingine ambayo naisikia kila siku ni hii, juisi inakaa miezi sita au mwaka haiozi, lazima wamejaza kemikali. Inaonekana ni hoja nzuri mpaka ujue kinachofanya kitu kioze. Juisi haiozi yenyewe, inaozeshwa na vijidudu, chachu na fangasi. Ukiviua vyote kwa moto, ukaiweka juisi kwenye chombo kisicho na vijidudu, ukafunga visiingie vipya, hakuna wa kuiozesha. Kiwandani wanaipasha moto mkali kwa sekunde chache tu, wanaipoza, wanaijaza kwenye boksi lililosafishwa hivyohivyo. Boksi lenyewe sio karatasi tupu, lina tabaka za karatasi, plastiki na alumini nyembamba ya kuzuia hewa na mwanga. Teknolojia hiyo ilianzia kwa kampuni ya Tetra Pak ya Sweden miaka ya 1960. Maziwa ya boksi yanayokaa nje ya friji yanafanywa vivyo hivyo. Kujaribu ni rahisi, chukua boksi ambalo viambato vyake havina kihifadhi, lifungue, uliache mezani Dar es Salaam siku tatu. Juisi itachacha, itanuka kama pombe.

Zipo zenye vihifadhi kweli, hasa za chupa za plastiki. Vinavyotumika sana ni sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti, wakati mwingine vinaandikwa kwa namba, E211 na E202. Vina viwango vilivyowekwa, na kwa mtu anayekunywa mara moja moja havinitishi. Ila kuna jambo moja la kweli ambalo uvumi unaligusa vibaya, benzoeti ikikaa pamoja na vitamini C, hasa kwenye joto na jua, inaweza kutengeneza benzini kidogo sana, na benzini inasababisha saratani. Wamarekani walilipima jambo hilo kati ya 2005 na 2006, bidhaa chache zilizozidi kiwango zikabadilishwa mchanganyiko. Kwa hiyo duka ambalo chupa za juisi zinapigwa na jua kutwa nzima nje ya mlango, mimi sinunui.

Alama ya TBS kwa Tanzania, au KEBS kwa Kenya, nayo watu wanaielewa vibaya. Inakwambia bidhaa imefuata kiwango na imekaguliwa. Haikwambii ina sukari kidogo. Soda pia ina alama.

Na tukishaongea usalama lazima niseme hili kwa ukali, kwa sababu ndipo ya nyumbani na ya kibandani inapoangukia. Ya boksi imepita kwenye moto. Ya kwako haijapita popote, kwa hiyo usafi wake ni usafi wa maji, mikono, kisu, chujio na barafu. Mimi mwenyewe nimewahi kulala siku nne na drip mkononi kwa sababu ya juisi ya ukwaju niliyokunywa kwenye kibanda, na nilipokuja kukumbuka vizuri, sio ukwaju nilioukumbuka. Nilikumbuka lile bonge la barafu limelazwa juu ya kiroba chini, kijana analipiga kwa mchi, vipande vikiruka kwenye vumbi anavirudisha, halafu anavitia kwenye ndoo ya juisi kwa mkono. Watu wengi wanaamini barafu inaua vijidudu. Haiui, inavilaza tu, vikipata maji vinaamka. Dar es Salaam kipindupindu kilipoanza Agosti 2015 kikasambaa mikoani, maji na vyakula vya kuuzwa wazi vilikuwa sehemu ya tatizo, na juisi ya ndoo ni maji.

Na sio nchi zetu tu. Marekani mwaka 1996 kampuni ya Odwalla ilikuwa inauza juisi ya tufaha isiyopashwa moto, na sifa yake kubwa ilikuwa hiyohiyo, kwamba ni fresh, ya asili, haijaguswa na moto. Bakteria wa E. coli aina ya O157:H7 wakaingia, watu zaidi ya 60 wakaugua, mtoto mmoja wa Colorado akafariki. Baada ya hapo ndo sheria za juisi kule zikabadilika. Uchachu wa tunda hauui kila kitu.

Kwa hiyo nyumbani: tunda lioshwe kwa maji yanayotiririka kabla halijakatwa, hata kama ganda hulili, maana kisu kinabeba uchafu wa ganda kupeleka ndani. Maji ya kuongeza yawe yamechemshwa yakapoa, au ya chupa, na barafu igandishwe kutoka kwa maji hayohayo. Ikishatengenezwa iingie friji, na ndani ya siku moja au mbili iwe imekwisha. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mtu mwenye kinga dhaifu wakae mbali kabisa na juisi ya ndoo ya barabarani.

Kuna hili la kuongeza damu pia. Bitruti na rozela zimepata jina kwamba zinaongeza damu, na nadhani rangi ndo imezipa. Wekundu wa bitruti hauhusiani na damu, ni rangi ya mmea tu. Madini ya chuma yaliyomo ni machache, chini ya miligramu moja kwa gramu 100. Bitruti ina foleti, aina ya vitamini B, na ina kitu kinachosaidia kidogo presha, hivyo sio kwamba haina faida. Ila mjamzito aliyeambiwa damu iko chini akaacha vidonge vya chuma na foliki asidi vya kliniki akashika juisi ya bitruti, huyo anajiweka kwenye hatari mimi naomba mtu aliye karibu naye amwambie. Juisi yenye vitamini C akinywa pamoja na chakula chenye chuma, kama maharage au mchicha, inasaidia mwili kukifyonza, hapo ndipo chungwa au limao linafanya kazi ya kweli.

Na maneno mawili ya lebo. "Bila sukari iliyoongezwa" maana yake hawakuweka sukari, ya tunda bado ipo yote. "Bila sukari" maana yake utamu umetoka kwenye kitu kingine, sukralozi, aspatemu na wenzake. Ile Julai 2023 simu zote zilijaa kwamba aspatemu inasababisha saratani. Kilichotokea ni kwamba taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kwenye kundi la "huenda", na siku hiyohiyo kamati ya usalama wa vyakula ikasema kiwango cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kibaki vilevile, mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo tisa ya soda ya daieti kwa siku kukizidi. Mwezi Mei mwaka huohuo shirika hilo lilikuwa limeshasema jambo ambalo mimi naliona la maana zaidi na halikusambaa, kwamba vitamu hivyo visitegemewe kupunguza uzito kwa sababu kwa muda mrefu havijaonyesha kusaidia.

Kwa watoto, madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2017 walisema aliye chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa, wa mwaka mmoja mpaka mitatu isizidi mililita 120 kwa siku, ya asilimia mia. Hiyo ni nusu glasi. Kile kiboksi cha shule kinachowekwa kwenye begi kila asubuhi mara nyingi ni kinywaji cha matunda, sio juisi, na mzazi anaweka kwa upendo kabisa. Chungwa lililomenywa kwenye kikontena ni kazi zaidi asubuhi, najua, nina watoto.

Mama hatukumkataza juisi. Tulikubaliana glasi ndogo, mara mbili kwa wiki, na ndoo ya lita tatu sasa inapata vijiko nane vya chai badala ya vikombe viwili. Wiki ya kwanza alisema ni maji ya kunawia. Chungwa anakula, moja, na ngozi nyeupe ya ndani hatoi. Kipimo kilichofuata kilishuka, ingawa na dawa ziliongezwa kwa hiyo siwezi kuipa juisi sifa yote.

Na kwenye mlango wa friji lake kuna viboksi viwili vidogo vya juisi ya dukani, asilimia mia, vimeandikwa kwa kalamu "vya Bibi msiguse". Dawa anazotumia zinaweza kushusha sukari kupita kiasi, na siku mtu wa kisukari anapoanza kutetemeka, jasho jembamba, maneno hayaeleweki, anahitaji kama gramu 15 za sukari haraka, ambayo ni nusu glasi ya juisi, halafu mnasubiri dakika 15 mnapima tena. Siku hiyo ile kasi tuliyoilaumu ndo inayotakiwa, na hakuna muda wa kukata pasheni. Ila kiwe na sukari kweli. Mdogo wangu aliwahi kununua vile vilivyoandikwa "bila sukari" akidhani anamsaidia mama, tukaviondoa, vingekuwa havina msaada wowote saa hiyo.